Umbo la ski lageuza soko la thelujini

Mfanyabiashara wa bidhaa za msimu ana hofu moja kubwa: kuamka asubuhi na kukuta mali iliyojaa ghalani imepitwa na wakati. Wauzaji wa ski, zile mbao mbili za kutelezea thelujini, walipatwa na hofu hiyo mara mbili katika muda usiozidi miaka ishirini. Kilichowatisha hakikuwa kodi wala bei ya mali ghafi. Kilikuwa ni umbo la bidhaa yenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1993, kampuni ya Elan ya Slovenia ilipotoa SCX, ski yenye kiuno chembamba na ncha pana, iliyokata kona kwa urahisi. Baada ya miaka michache, ski ndefu zilizonyooka zikawa hazina mnunuzi. Mara ya pili ilikuja na umbo linaloitwa roka.

Upinde na roka

Ski ya kawaida ikilazwa sakafuni hushika chini kwa ncha na mkia, na katikati huinuka kama upinde. Mtelezaji anaposimama juu yake, uzito wake huunyoosha upinde huo na kuzigandamiza ncha zote mbili. Hivyo makali ya chuma yaliyo pembeni hushika theluji karibu urefu wote wa ski. Kwenye theluji ngumu au barafu, huko ndiko kunakomfanya mtu asiserereke.

Roka ni kinyume chake. Ski hugusa sakafu katikati, na ncha huanza kuinuka mapema, kama omo la jahazi. Katika theluji laini na nene ncha hiyo haizami, bali hupanda juu. Mtelezaji halazimiki tena kuegemea nyuma mpaka mapaja yaungue, na kugeuka humtaka nguvu kidogo.

Wazo kutoka majini

Aliyelisukuma umbo hili mpaka likafika sokoni ni Shane McConkey, mtelezaji maarufu wa milima mikali. Hoja yake ilikuwa nyepesi: theluji laini inafanana na maji kuliko ardhi ngumu, basi kwa nini chombo chake kitengenezwe kwa ajili ya barafu? Mwaka 2001 alikwenda Alaska akateremka mlima kwa ski za majini, na hoja ikathibitika. Mwaka 2002 kampuni ya Volant, iliyojulikana kwa ski zenye kifuniko cha chuma, ikaingiza sokoni Spatula. Ilikuwa na roka toka ncha hadi mkia, na upana wa milimita 125 chini ya buti, karibu mara mbili ya ski nyingi za kawaida za wakati huo.

Wengi waliiona kuwa kichekesho. Hata hivyo, waliojaribu kuitumia kwenye theluji nene hawakutaka kurudi nyuma, na makampuni makubwa yakaanza kulifuata wazo hilo moja baada ya jingine.

Hasara zake

Roka kamili ina bei yake. Kwenye njia zilizoshindiliwa na mashine, ambako wateja wengi hutumia siku zao, makali yanayogusa theluji hupungua. Ski hujihisi fupi kuliko ilivyo, na ncha hupigapiga kwa mwendo wa kasi. Ndiyo maana wauzaji humshauri mteja wa roka achukue ski ndefu kidogo kuliko aliyoizoea.

Soko likatafuta suluhu. Kampuni ya Rossignol ya Ufaransa ilipata wateja wengi kwa S7, ski yenye roka nchani na mkiani, na upinde chini ya buti. Mchanganyiko wa namna hiyo, kwa viwango mbalimbali, ndio ulioenea madukani. Ski za mashindano ya kasi kwenye theluji ngumu bado hutegemea zaidi upinde.

Anayenunua mali iliyotumika anaweza kuipima bila chombo chochote. Azishike ski mbili, nyayo kwa nyayo. Zikiachana katikati, pana upinde. Zikianza kuachana mbali kabla ya ncha, pana roka. Nafasi hizo zitamwambia ni mteja gani wa kumtafuta.

Nani aliyevuna?

Hapa ndipo penye funzo kwa mwenye mtaji mdogo. McConkey alifariki mwaka 2009 akiteleza katika milima ya Dolomiti, Italia. Volant haikuwa jina kubwa la roka. Iliishia mikononi mwa Atomic ya Austria. Waliovuna ni waliokuwa na viwanda, mawakala na uwezo wa kusubiri. Atomic na Salomon zote ni mali ya Amer Sports, ambayo mwaka 2017 iliinunua pia Armada, kampuni iliyoanzishwa na watelezaji wenyewe. Hisa za Amer Sports ziliingia katika soko la New York mwezi Februari 2024 kwa dola 13 kila moja, chini ya bei iliyokuwa ikitarajiwa.

Kwa hiyo anayekimbilia kila umbo jipya, na anayekataa kila umbo jipya, wote wawili huweza kubaki na ghala lililojaa. Katika biashara hii faida ilipatikana katikati, pale upinde na roka vilipokutana. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.