John Sugden: profesa aliyeuliza ni nani anayetawala mpira wa dunia

Katika mwezi wa Juni 1974, mambo mawili yalitokea Ujerumani Magharibi kwa muda wa wiki moja. La kwanza wakaaji wengi wa Zaire hawakulisikia hata kidogo. La pili hawajalisahau mpaka leo.

Tarehe 11 Juni, wajumbe wa FIFA walikutana mjini Frankfurt kuchagua kiongozi wao. Mbrazili João Havelange alimshinda Mwingereza Stanley Rous kwa kura 68 dhidi ya 52, na kura za Afrika zilimsaidia sana. Siku saba baadaye, mjini Gelsenkirchen, Leopards ya Zaire ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa 0.

Wapenzi wa mpira wanakumbuka mabao. Lakini kuna watu waliojitolea kuchunguza ule mkutano wa Frankfurt na mingine iliyoufuata. Mmoja wao ni John Sugden, mwanasosiolojia wa michezo aliyekuwa profesa kwenye Chuo Kikuu cha Brighton, Uingereza. Kazi yake ilimpitisha kwenye kumbi za ngumi, kwenye mji uliogawanyika kwa vita, kwenye hoteli za wakubwa wa FIFA, na mwishoni kwenye viwanja vidogo vya watoto wa Galilaya. Kila mahali alirudia swali lile lile: mchezo huu unamfaidisha nani?

Alianza na ngumi

Kabla ya mpira, Sugden alichunguza ngumi. Alipokuwa akisomea udaktari wake Marekani, katika jimbo la Connecticut, alifuatilia kwa karibu maisha ya vijana wa ukumbi mmoja wa ngumi mjini Hartford. Wengi wao walikuwa Weusi na watu wa asili ya Puerto Rico, kutoka mitaa ya maskini.

Huku kwetu, mtu akitaja ngumi, fikra zinakwenda moja kwa moja Kinshasa, usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, kwenye kiwanja cha Mei 20. Muhammad Ali na George Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja. Lakini Sugden alitazama vijana ambao hawatafika huko kamwe. Aliona kwamba umaskini wenyewe ndio unaoleta wapiganaji. Kijana anaingia ukumbini kutafuta njia ya kutoka mtaani. Anaumia yeye, na pesa nyingi zinabaki kwa wale wanaopanga mapigano.

Baadaye alilinganisha Hartford na miji mingine miwili: Belfast, katika Ireland ya Kaskazini, na Havana, Cuba, ambako serikali ilifuta michezo ya kulipwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake *Boxing and Society* kilitoka mwaka 1996. Kinaonyesha kwamba ngumi ni zile zile, glavu ni zile zile, lakini maana yake inabadilika kufuatana na nchi na watu wanaozisimamia.

Belfast, mahali ambapo mchezo unataja kabila lako

Sugden alifundisha miaka mingi katika Ireland ya Kaskazini wakati wa vita kati ya pande mbili: Wakatoliki wengi waliotaka kuungana na Jamhuri ya Ireland, na Waprotestanti wengi waliotaka kubaki chini ya Uingereza. Vita hivyo viliua watu zaidi ya 3.500 kabla ya mapatano ya mwaka 1998.

Katika mji ule, mchezo ulitosha kumtambulisha mtu. Michezo ya jadi ya Kiireland ilikuwa ya Wakatoliki. Chama kinachoisimamia kilikuwa na sheria iliyowakataza askari wa Uingereza na polisi wa Ireland ya Kaskazini kujiunga nacho, na sheria hiyo iliondolewa mwaka 2001 tu. Ragbi na kriketi zilikuwa zaidi za shule za Waprotestanti. Mpira wa miguu ulichezwa na wote, lakini timu nyingi zilikuwa na upande wao. Linfield ilishangiliwa na Waprotestanti, Cliftonville na Wakatoliki.

Pamoja na mwenzake Alan Bairner, Sugden aliandika juu ya jambo hilo kitabu kilichotoka mwaka 1993. Hakikuwafurahisha wale wanaopenda kusema kwamba michezo inaunganisha watu kila mara. Waandishi hao walionyesha kwamba michezo inaweza pia kuchimba mfereji kati ya watu na kuufanya uwe mrefu zaidi. Wakati huo huo Sugden hakukaa ofisini. Alishiriki kuanzisha Belfast United, mradi wa kuwaweka vijana wa pande zote mbili ndani ya timu moja.

Katika sebule za hoteli

Brighton ndipo Sugden alipofanya kazi kubwa zaidi ya maisha yake, pamoja na Alan Tomlinson, profesa mwenzake. Wawili hao waliamua kuchunguza FIFA kama vile mtafiti anavyochunguza kijiji: kukaa kati ya watu, kusikiliza, kuangalia nani anamsalimia nani, nani anakaa meza moja na nani. Walikwenda kwenye mashindano na mikutano, wakakaa kwenye sebule za hoteli wanapolala viongozi, wakazungumza nao.

Wasomi wengine walisema hiyo ni kazi ya waandishi wa habari. Mwaka 1999 waliwajibu kwa makala iliyotetea njia hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtafiti wa michezo lazima akubali kuchimba uchafu, ila yeye mwenyewe abaki safi. Asipochimba, atabaki kurudia yale ambayo wakubwa wanataka yasemwe.

Mwaka 1998 walitoa kitabu *FIFA and the Contest for World Football*. Ndani yake Afrika ina nafasi kubwa, na hapa ndipo habari ya Frankfurt inaeleweka vizuri.

Kwa Kombe la Dunia la 1966, Afrika haikuwa na hata nafasi moja ya hakika. Bingwa wa Afrika alitakiwa kupigania nafasi moja na timu za Asia na Oceania. Nchi za Afrika, zikiongozwa na Ghana ya Kwame Nkrumah, zilikataa na kujiondoa. Kwa sababu ya msimamo huo, mwaka 1970 Afrika ilipata nafasi yake moja kamili, ikachukuliwa na Morocco. Mwaka 1974 nafasi hiyo moja ilikuwa ya Zaire, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia.

Jambo lingine lilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi. FIFA iliisimamisha mwaka 1961, lakini mwaka 1963, chini ya Rous, kifungo kiliondolewa. Mwaka uliofuata kura za Afrika na Asia zilikirudisha. Havelange aliona hasira hiyo. Alizunguka duniani akiahidi nafasi zaidi na msaada kwa nchi maskini. Waafrika wengi walimpigia kura kwa sababu ya haki.

Ahadi ya nafasi ilitimizwa. Mwaka 1982 Kombe la Dunia lilikuwa na timu 24, Afrika 2. Mwaka 1998 timu 32, Afrika 5. Mwaka 2026 timu 48, Afrika 9 za moja kwa moja. Lakini pamoja na nafasi ziliingia pesa za televisheni na za makampuni makubwa kama Adidas na Coca-Cola. Sugden na Tomlinson walifuata njia ya pesa hizo. Walionyesha kwamba katika FIFA kila shirikisho lina kura moja, liwe la nchi ndogo au kubwa, na kwamba anayegawa misaada ya maendeleo ana nguvu kubwa siku ya uchaguzi. Kura ambayo mwaka 1974 ilikuwa silaha ya wanyonge iliweza kugeuka kuwa kitu cha kutafutwa kwa zawadi.

Kitabu ambacho FIFA haikukipenda

Mwaka 2003 walitoa *Badfellas*, juu ya vita vya ndani ya FIFA na chaguzi mbili za Sepp Blatter: ile ya Paris mwaka 1998, alipomshinda Lennart Johansson wa Sweden kwa kura 111 dhidi ya 80, na ile ya Seoul mwaka 2002, alipomshinda Mkameruni Issa Hayatou kwa kura 139 dhidi ya 56. Kitabu hicho kilipochapishwa tena mwaka 2017, jalada lake lilikitaja kuwa kitabu ambacho FIFA ilijaribu kukipiga marufuku.

Kati ya miaka hiyo miwili, mengi yalikuwa yametoka wazi. Mwaka 2012 hati za mahakama ya Uswisi zilionyesha kwamba Havelange alikuwa amepokea hongo kutoka kwa ISL, kampuni iliyouza haki za matangazo ya FIFA. Tarehe 27 Mei 2015, polisi wa Uswisi waliwakamata viongozi saba katika hoteli ya Baur au Lac mjini Zurich kwa ombi la Marekani. Siku chache baadaye Blatter alitangaza kwamba ataacha kiti, kisha akafungiwa na kamati ya maadili ya FIFA. Katika kesi iliyomhusu yeye na Michel Platini, mahakama za Uswisi ziliwaachilia wote wawili, mwaka 2022 na tena mwaka 2025.

Polisi walikuja kwenye sebule zile zile ambazo wasomi wawili walikuwa wamekaa miaka mingi wakiandika kwenye madaftari yao.

Gelsenkirchen tena

Kwa macho hayo, mechi ya Gelsenkirchen pia inasomeka upya. Mwepu Ilunga, mchezaji wa Englebert ya Lubumbashi, inayoitwa leo TP Mazembe, alichekwa dunia nzima kwa sababu, katika mechi dhidi ya Brazil, alitoka kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira wa adhabu kabla Mbrazili hajaugusa. Wengi walisema hakujua sheria. Yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, alieleza kwamba wachezaji hawakulipwa pesa walizoahidiwa, na kwamba baada ya mabao 9 watu wa Mobutu waliwatisha: wasithubutu kufungwa na Brazil mabao 4. Walifungwa 3.

Zaire ilikuwa imeshinda Kombe la Afrika miezi mitatu kabla. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Wachezaji walikuwepo na uwezo ulikuwepo. Kilichovunjika kilikuwa nje ya kiwanja.

Kutoka Galilaya mpaka kwetu

Mwaka 2001, Sugden alirudi kwenye kazi aliyoianza Belfast. Pamoja na wanafunzi wa Brighton alifika Ibillin, mji wa Waarabu katika Galilaya, kaskazini mwa Israeli. Hapo ulizaliwa mradi wa Football 4 Peace, ambao baadaye uliwaleta pamoja watoto wa Kiyahudi na wa Kiarabu. Watoto wanachanganywa ndani ya timu, hawapangwi upande kwa upande. Kocha anaweza kusimamisha mchezo mtoto anapomheshimu mwenzake, au anapomkosea, ili wote wazungumze juu ya tendo lile.

Hata hivyo Sugden hakudai kwamba mpira unaleta amani. Aliandika kwamba michezo yenyewe si mizuri wala si mibaya. Watu wanaoipanga ndio wanaoipa maana. Mradi mdogo unaweza kusaidia kidogo, kama jiwe linalotupwa majini na mawimbi yake yakaenda mbali, ikiwa tu viongozi na wazazi wanaukubali.

Maneno hayo yanawahusu wakaaji wa Kivu na Ituri. Huku, mechi za amani hupangwa mara kwa mara. Kunakuwa na jezi mpya, hotuba, picha za wakubwa wakipiga mpira wa kwanza. Kufuatana na kazi ya Sugden, mzazi au kocha anaweza kuuliza mambo machache kabla ya kupiga makofi. Je, watoto wa jamii mbili wamechanganywa, au kila jamii imeletwa na timu yake ili ishinde nyingine? Nani analipa, na anatafuta nini? Na jezi zikishakusanywa, watoto hao watakutana tena siku gani?