Sanduku la Chai Lililotupwa Baharini

Chai iko jikoni, wapwa zangu. Tunaisubiri ichemke. Nami nitawasimulia habari ya chai nyingine, ambayo bahari iliinywa yote.

"Bahari inakunywa chai, mjomba?"

Ile ilikunywa. Usiku wa tarehe 16 Desemba 1773, katika bandari ya Boston, masanduku 342 ya chai yalipasuliwa kwa mashoka na kumwagwa majini. Zaidi ya tani 40! Lakini tukianzia hapo hatutaelewa kitu. Tuanzie nyumbani.

Palikuwa na mzee. Baadhi ya wanawe wakavuka bahari, wakajenga ng'ambo, wakalima, wakazaa. Mzee huyo ni Uingereza. Miji ya ng'ambo ni makoloni 13 ya Marekani. Mzee alikuwa mbali. Mbali kiasi gani? Barua iliyokwenda kwa merikebu ilichukua wiki sita, wiki nane, na upepo ukigoma, zaidi. Umeuliza, "Baba, tujenge daraja?" Jibu linarudi baada ya miezi, na mto umeshafurika na kukauka. Basi wana wakazoea kuamua wenyewe. Wakawa na mabaraza yao. Wakapanga kodi zao. Mzee akanyamaza, nao wakadhani amekubali.

Kisha mzee akapigana vita virefu na Ufaransa. Vilipokwisha mwaka 1763, alikuwa ameshinda, ila alikuwa na deni la kumkosesha usingizi. Akasema: nimewapigania, sasa changieni. Mwaka 1765 akatoza kodi ya stempu. Gazeti, stempu. Hati ya shamba, stempu. Hata karata za kuchezea, stempu!

"Lakini mjomba, si haki yake? Kama aliwapigania?"

Ah! Njoo nikushike mkono. Wakubwa wengi London waliuliza hivyo hivyo, na swali lao halikuwa la kipumbavu. Deni lilikuwepo kweli. Ila tazama kwenye baraza la mzee, yaani bunge la London, palipokatwa shauri la kodi. Je, palikuwa na mtu wa kutoka Boston ameketi pale? Hapakuwa na hata mmoja. Na hao wa ng'ambo walijiona Waingereza kamili. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba mfuko wa Mwingereza haufunguliwi mpaka mjumbe wake aseme ndiyo. Mzee mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Wakapiga kelele, stempu ikafutwa mwaka 1766. Mwaka uliofuata zikaja kodi za vioo, karatasi, rangi na chai. Kelele tena. Zikafutwa pia, isipokuwa ya chai. Mzee aliondoa mkono kwenye vyungu vyote, akaacha kidole kimoja juu ya mfuniko wa chungu cha chai. Alitaka wajue kwamba mkono wake bado unafika.

Sasa mpisheni sanduku mwenyewe aseme.

"Mimi nilitoka China. Nikakaa London, katika maghala ya Kampuni ya India ya Mashariki, tumebanana mpaka darini. Kampuni ilikuwa karibu kufilisika. Mwaka 1773 bunge likaipa ruhusa ya kutupeleka Marekani moja kwa moja. Bei yangu ikashuka. Niliingia merikebu ya Dartmouth nikifurahi. Nani atakataa chai rahisi?"

"Kweli, mjomba! Chai rahisi, halafu wanaimwaga?"

Hapo ndipo penye kisa, na wewe umepaona. Sikiliza. Mtu anaingia uani kwenu bila kupiga hodi. Ana maandazi. Andazi la shilingi mia anakuuzia hamsini. Tamu, la moto. Lakini katika hizo hamsini, shilingi tano ni malipo ya haki yake ya kuingia bila hodi. Ukilila andazi, umekubali. Kesho ataingia tena, na maandazi huenda hana. Kodi ilikuwa peni tatu tu kwa kila ratili, pesa ndogo. Ila zile peni zilikuwa ndiyo hodi yenyewe.

Nisiwadanganye, wapo waliokasirika kwa sababu nyingine. Boston ilijaa wafanyabiashara wa chai ya magendo, na chai rahisi ya Kampuni ingewafungia duka. Mtu anaweza kupigania haki na mfuko wake kwa mkono mmoja.

Sheria ya forodha ilisema ushuru ulipwe ndani ya siku 20 tangu merikebu ifike. Watu walitaka merikebu zirudi na chai yake. Gavana wa Massachusetts, koloni lenye Boston, Thomas Hutchinson, akakataa. Siku ya mwisho ikakaribia. Usiku ule wanaume wakapaka nyuso masizi, wakajifanya Wahindi Wekundu wa kabila la Mohawk, wakapanda merikebu tatu. Maji yalikuwa yamekupwa, chai ikarundikana kama pumba kwenye mashine ya kukoboa. Mmoja wao alijaza majani kwenye koti lake. Wenzake wakamvua koti, wakamfukuza kwa aibu.

Mzee alighadhibika. Mwaka 1774 akafunga bandari ya Boston, ili mtoto mtundu alale na njaa. Kumbe ndugu zake wakamletea chakula! Mchele ukatoka Carolina Kusini, kondoo wakatoka Connecticut. Makoloni yaliyokuwa yakinuniana yakaanza kula sahani moja. Aprili 1775 risasi zikalia katika mji wa Lexington, vita na mzee vikaanza. Tarehe 4 Julai 1776 wakatangaza kwamba wana nyumba yao. Mzee alikubali mwaka 1783, baada ya damu nyingi.

"Ni kama uhuru wetu, mjomba?"

Neno ni moja, kisa si kimoja. Tanganyika mwaka 1961 na Kenya mwaka 1963, wenye nchi ndio waliodai nchi yao. Kule waliodai walikuwa walowezi wenyewe. Wenye nchi walikuwa watu kama hao Mohawk, ambao usiku ule sura zao ziliazimwa bila hodi. Na kati ya mambo yaliyowaudhi walowezi ni amri ya mfalme ya mwaka 1763, iliyowakataza kuvuka milima ya Appalachia kuchukua ardhi zaidi.

Sanduku lina neno moja zaidi.

"Ndani ya Dartmouth nilikuwa na jirani. Alikuwa shehena ya vitabu vya mashairi, vimetoka kuchapwa London. Yeye aliteremshwa salama. Mimi nikapasuliwa."

Mwandishi wa vitabu hivyo aliitwa Phillis Wheatley. Alizaliwa Afrika Magharibi. Mwaka 1761 aliuzwa Boston, mtoto mdogo ambaye meno yake ya mbele yalikuwa yakitoka na kuota mengine. Merikebu iliyomleta iliitwa Phillis, naye akapewa jina hilo.

"Alikuwa mtumwa? Boston? Kwa hao hao wa chai?"

Boston, ndiyo. Katika makoloni yale, karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikuwa mtumwa. Phillis aliachwa huru mwaka huo huo wa 1773.

"Na wengine?"

Massachusetts, mahakama iliwapa watumwa haki yao mwaka 1783. Nchi nzima ilikuwa mwaka 1865.

"Kutoka 1776 mpaka 1865 ni miaka mingapi, mjomba?"

Hesabu wewe. Mimi nakwenda kuipua chai. Vidole vikikuishia, chukua vya ndugu zako.