Sisimizi Hawali Mndimu

Mndimu uliopandwa kwenye chungu barazani huanza kuugua kimyakimya. Majani machanga yanajikunja, ya chini yanang'aa kama yaliyopakwa asali, kisha yanapiga weusi mithili ya sufuria ya kuni. Mwenye mti akiinama kutazama, macho yake yanatua kwenye msafara wa sisimizi wanaopanda na kushuka shinani. Basi dawa ya kupuliza inaletwa, sisimizi wanakufa, na baada ya siku chache msafara umerudi palepale.

Unarudi kwa sababu sisimizi hao hawakufuata mti. Majani ya mndimu hawali. Walichofuata kiko upande wa chini wa jani changa, ambako vidukari, wadudu laini wadogo kama punje ya ulezi, wamejipanga wakiwa wamechomeka midomo yao kwenye mishipa. Utomvu wanaoufyonza umejaa sukari lakini una virutubisho vichache vya kujengea mwili, kwa hiyo hulazimika kunywa kwa wingi na kuitoa sukari iliyozidi kwa nyuma. Kwa kioo cha kukuzia mambo yanaonekana wazi: sisimizi anamgusagusa kidukari kwa vipapasio vyake, mara tone safi linajitokeza, naye analinywa kabla halijadondoka. Matone yasiyonywewa huangukia majani ya chini, na ukungu mweusi unaota juu yake.

Huu ni ufugaji hasa. Sisimizi huwafukuza mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, ambao chakula chao ni vidukari, na huwasumbua nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili ya vidukari hao. Vidung'ata wenye unga mweupe na wadudu gamba nao hulindwa vivyo hivyo.

Ndiyo maana tiba huanza na mifugo, si mchungaji. Maji ya mpira yenye nguvu kiasi, yakielekezwa chini ya majani, huwaangusha vidukari wengi, na wengi wa walioanguka hawarudi. Wanaobaki hupuliziwa maji ya sabuni, kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji katika lita moja, jioni jua likiwa limepoa. Baada ya siku tano au sita kazi hurudiwa, kwa sababu vidukari huzaana upesi na majike huzaa bila dume.

Baada ya hapo ndipo njia inapofungwa. Wapishi wa zamani walijua namna: miguu ya kabati la chakula iliwekwa ndani ya makopo ya maji. Chungu nacho kinaweza kuinuliwa juu ya matofali yaliyosimama ndani ya sinia la maji. Ila maji hayo yasikae. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza huzaliana katika maji kidogo namna hiyo hiyo. Yamwagwe na sinia lisuguliwe kila baada ya siku tatu. Anayependelea grisi aipake juu ya kitambaa kilichofungwa shinani, kamwe isiguse gome changa. Na tawi moja likigusa ukuta, kazi yote imekuwa bure, maana sisimizi watapita hapo.

Pengine kiota kimo ndani ya chungu chenyewe, hasa udongo ukiachwa ukauke sana. Chungu kikizamishwa kwenye beseni la maji kwa nusu saa, sisimizi hutoka wamebeba mayai yao. Kwa kiota kilicho ukutani, chambo hufaa kuliko sumu kali: gramu 1 ya asidi ya boriki katika mililita 100 za maji ya sukari, mbali na watoto na wanyama. Ikizidi makali, vibarua hufa njiani. Ikiwa hafifu, huipeleka nyumbani na kulishana mdomo kwa mdomo hadi imfikie malkia.

Lakini si kila jamii yao ifukuzwe. Majimoto, wale wekundu wanaoshona majani kuwa viota, hulinda minazi ya Zanzibar dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika. Mwingereza M. J. Way aliyachunguza hayo visiwani miaka ya 1950, na mdudu huyo mharibifu akapewa jina la kisayansi linalomtaja yeye. Mtwara nako majimoto wamechunguzwa kama walinzi wa mikorosho. Kwenye chungu cha barazani, ambako watoto wanacheza, wanauma mno, shambani waachwe.

Majani yaliyokwisha kuwa meusi hayahitaji kukatwa. Ukungu ule haujapenya ndani, umekaa juu tu kama masizi, na kitambaa chenye maji ya vuguvugu kikipitishwa taratibu, kijani kinaonekana tena.