Ufunguo wa bosi: Mtoto anaposema amekwama kwenye gemu

MZAZI akimsikia mtoto akilalamika kwamba hajapata "ufunguo wa bosi", wazo la kwanza ni kwamba mtoto anapoteza muda. Huenda ni kweli. Lakini maneno hayo yana jambo linalomgusa mzazi moja kwa moja: mtoto anajifunza nini anapokutana na mlango uliofungwa, na nani anayelipia ufunguo.

Murukulazo, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Ngara na Biharamulo, simu janja ya nyumbani mara nyingi ni moja na kazi zake ni nyingi. Ndiyo inayopokea fedha za ndizi na maharage, ndiyo inayoleta ujumbe wa mwalimu, na jioni ndiyo inayogombewa na watoto. Mzazi anayetoa simu hiyo ana haki ya kujua kilichomo ndani ya gemu.

Ufunguo huu ni kitu gani?

Gemu iliyoupa umaarufu ufunguo wa aina hii ni The Legend of Zelda, ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Ya kwanza ilitoka mwaka 1986 na mfululizo wake unaendelea hadi leo. Mchezaji humwongoza kijana anayeitwa Link, ambaye huingia kwenye mapango, mahekalu na majumba yaliyojaa mafumbo. Mwishoni mwa kila jumba kuna adui mkubwa, yule watoto wanayemwita bosi.

Njiani kuna milango iliyofungwa. Ufunguo mdogo hufungua mlango mmoja tu, kisha unatoweka. Mlango wa bosi una ufunguo wake maalumu, mkubwa na uliorembwa, ambao haufanyi kazi katika jumba jingine. Kuupata si suala la nguvu. Mchezaji lazima asome ramani, akumbuke alikopita, asukume jiwe linalotakiwa au arudi kwenye chumba alichokidharau.

Mwanzoni mambo hayakuwa hivyo. Katika gemu ya 1986 funguo ziliuzwa hata dukani ndani ya gemu, kwa sarafu zilizookotwa humohumo, na ufunguo wa jumba moja uliweza kufungua mlango wa jumba jingine. Kulikuwa pia na ufunguo wa ajabu usiokwisha. Ufunguo mkubwa wa kila jumba ulikuja na A Link to the Past ya mwaka 1991. Ulifungua mlango wa bosi na pia sanduku kubwa lililohifadhi kifaa ambacho mchezaji alikihitaji. Mwaka 1993, katika Link's Awakening, ulipewa jina la ufunguo wa jinamizi. Jina la ufunguo wa bosi lilienea baada ya Ocarina of Time ya mwaka 1998.

Funguo zinazofundisha subira

Ocarina of Time ina Hekalu la Maji, ambalo wachezaji wengi waliokuwa watoto wakati huo hawajalisahau. Maji hupandishwa na kushushwa katika vina vitatu, na kila kina hufungua njia fulani na kuziba nyingine. Ufunguo mdogo mmoja umefichwa chini ya mnara wa katikati, mahali panapoonekana tu baada ya maji kupanda na jiwe kuelea. Wengi walizunguka humo kwa saa nyingi. Gemu hiyo ilipotengenezwa upya mwaka 2011 kwa ajili ya kifaa cha Nintendo 3DS, iliwekewa mistari ya rangi ukutani ili kuwaelekeza wachezaji.

Twilight Princess ya mwaka 2006 ina kisa kinachofaa kabisa ukurasa huu wa familia. Link anafika kwenye nyumba kubwa iliyozama kwenye theluji, wanakoishi mume na mke. Mke ni mgonjwa na hakumbuki alikoweka ufunguo wa chumba cha kulala. Anamwelekeza mgeni chumba cha kwanza. Huko anakuta boga. Anamwelekeza cha pili. Huko anakuta jibini. Kila mara mume, aliyeko jikoni, anakitia kilichopatikana kwenye supu anayompikia mkewe, na supu inazidi kunoga. Ufunguo unapatikana baadaye. Mchezaji hakutukana wala hakuvunja mlango. Alivumilia kumbukumbu ya mgonjwa.

Mwaka 2011, katika Skyward Sword, ufunguo wenyewe ukawa fumbo: mchezaji alilazimika kuugeuzageuza kwa mkono mpaka ukae sawasawa kwenye tundu la kufuli. Mwaka 2017, Breath of the Wild iliachana na ufunguo wa bosi na kumwacha mchezaji achague njia yake mwenyewe.

Katika hizo zote, mtoto aliyekwama anaambiwa jambo moja: rudi ukaangalie vizuri. Gemu haimwambii alete fedha.

Ufunguo unaouzwa

Hapa ndipo mzazi anapaswa kuwa macho. Nintendo haiuzi Zelda kwa ajili ya simu. Huchezwa kwenye vifaa vya kampuni hiyo. Mtoto akionyesha kwenye simu gemu yenye jina hilo, ijulikane kwamba haikuwekwa hapo na wenyewe. Gemu nyingi za simu nazo zina funguo, lakini funguo hizo ni za biashara.

Mfano ambao watoto wengi wanaufahamu ni Subway Surfers, iliyotengenezwa Denmark na kutoka mwaka 2012. Mtoto hukimbia relini akifukuzwa na mlinzi na mbwa wake. Akikamatwa, anaweza kutumia ufunguo ili aendelee pale alipoishia. Mara ya kwanza anadaiwa ufunguo mmoja, akikamatwa tena viwili, kisha vinne, na kuendelea hivyo. Funguo hupatikana kidogokidogo kwa kucheza, lakini pia zinauzwa kwa fedha halisi. Ufunguo huo haufungui fumbo lolote. Unafuta tu uchungu wa kushindwa kwa sekunde chache, kisha bei inapanda.

Kuna hatua mbaya zaidi. Tangu mwaka 2013, wachezaji wa Counter-Strike kwenye kompyuta wamekuwa wakinunua ufunguo kwa dola 2.49 ili wafungue sanduku wasilojua kilichomo. Huenda kikatoka kitu cha thamani, lakini mara nyingi hutoka kitu cha kawaida. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba masanduku ya kulipia ya namna hiyo ni kamari.

Kwa hiyo swali la "mtoto anacheza gemu?" halitoshi. Mzazi aulize: ufunguo unapatikanaje? Kama unapatikana kwa kufikiri, mtoto anafanya mazoezi ya akili, hata kama muda unapaswa kupimwa. Kama unapatikana kwa kulipa, anayefanyiwa mazoezi ni mfuko wa mzazi.

Nipe mji

Malezi yetu yalikuwa na mchezo wa milango iliyofungwa kabla simu haijafika. Anayetega husema "Kitendawili!", nao hujibu "Tega!" Wakishindwa, hawapewi jibu bure. Anayetega hudai mji, wanamtajia Bukoba au Kibondo, anausifia na kujivuna humo, kisha ndipo anafumbua. Kushindwa kuna gharama kidogo, lakini ni gharama ya kicheko.

Utaratibu huo unafaa hata mbele ya skrini. Mtoto akisema, "Mama, nimekwama," mama asikimbilie kumwambia aache upuuzi, wala asimtafutie jibu kwenye video. Amuulize, "Umekwama wapi, mwanangu? Ni chumba gani hujarudi kukiangalia?" Mtoto anapomweleza mtu mwingine fumbo lake, mara nyingi huliona jibu mwenyewe. Hata mzazi asiyewahi kucheza gemu maishani anaweza kuuliza hivyo.

Akishindwa kabisa, apumzike, akateke maji au amalizie kazi ya shule, kisha arudi kesho. Fumbo litamsubiri palepale. Gemu inayomwambia kwamba ofa inaisha baada ya dakika kumi ndiyo ya kuogopwa.

Mambo manne ya kufanya leo

Kwanza, kaa na mtoto dakika 15 akuonyeshe gemu yake. Mwambie akueleze kinachotokea anaposhindwa. Ukiona kitufe cha kununua kinatokea kila anapoanguka, umeshapata jibu.

Pili, fungua mipangilio ya Play Store kwenye simu yako na uiamuru iombe nenosiri kabla ya kila ununuzi. Namba ya siri ya fedha za simu isijulikane kwa mtoto, hata yule unayemtuma kwa wakala.

Tatu, zima data kabla ya kumkabidhi simu. Subway Surfers na nyingine nyingi huchezeka bila intaneti, na bila intaneti hakuna kitakachonunuliwa. Bando nalo linabaki.

Nne, mpangieni muda pamoja na muuheshimu. Muda unapokaribia kuisha, mpe taarifa dakika chache kabla, kwa sababu gemu zenye majumba marefu humruhusu mchezaji kuhifadhi alipofika. Mtoto aliyenyang'anywa simu ghafla katikati ya fumbo hujifunza kuificha kesho yake. Aliyepewa nafasi ya kuhifadhi huirudisha mwenyewe.