Mchore Ndege, Ndipo Umjue

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali dogo kabla hujafungua ukurasa mwingine. Yule korongo mwenye taji, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kong'ony, kidole chake cha nyuma ni kirefu au ni kifupi? Najua wengi mtakuna vichwa. Si ati hamjawahi kumwona! Mmemwona akiokota punje shambani baada ya mavuno, na mmemwona katikati ya bendera ya Uganda, alikosimama tangu uhuru wa 1962 akiwa ameinua mguu mmoja. Lakini kutazama ni jambo moja na kuona ni jingine. Katika makala haya nataka kueleza jinsi penseli inavyoweza kutufunza kuona.

Vifaa vyenyewe ni vichache: penseli, kifutio na daftari lisilo na mistari. Nauli ya kwenda Maasai Mara huihitaji. Hapa kwetu Bomet, kando ya mto Nyangores na kwenye vichaka vinavyopakana na mashamba ya chai, ndege ni tele. Kaa kitako, nyamaza, usubiri. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Usianze na rangi. Anza na umbo: mwili uchore kama yai, kisha uongeze shingo, mkia na miguu. Halafu chunguza mdomo, kwa maana mdomo hukuambia ndege anakula nini. Chozi ana mdomo mwembamba uliopinda, wa kufyonza utamu wa maua. Mnana ana mdomo mfupi mnene wa kuvunjia mbegu. Mwewe naye ana ndoana ya kurarulia nyama. Ukishachora midomo hiyo mitatu kwa mkono wako, huwezi kuisahau hata siku ya mtihani.

Pengine utauliza, "Mbona nisipige picha tu?" Picha ya kamera ni nzuri, lakini hunasa ndege mmoja kwa dakika moja, pengine akiwa kivulini. Mchoraji hukusanya aliyoyaona siku nyingi: dume, jike, kinda na ndege arukaye, wote kwenye ukurasa mmoja. Ndiyo sababu kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, kilichotolewa 2002, kina michoro ya rangi. Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na wengine wanafanana kama mapacha. Bila michoro iliyopangwa sambamba, utawatofautishaje?

Sasa turudi kwa korongo wetu. Ana urefu wa karibu mita moja. Mashavu yake ni meupe, kooni ananing'iniza kijinofu chekundu, na taji lake ni nyuzi ngumu za rangi ya dhahabu. Hayo kila mtu huyaona. Lakini mchore mguu! Utagundua kwamba kidole cha nyuma ni kirefu, chenye uwezo wa kushika tawi. Duniani kuna aina 15 za korongo wa jamii hii, na ni wenye taji pekee, aina mbili tu, walalao juu ya miti. Wenzao hulala ardhini au wakiwa wamesimama kwenye maji ya kina kifupi.

Kidole hicho kina maana kubwa. Korongo huyu anahitaji makao mawili: mti wa kulala na kinamasi cha kutagia mayai. Ukiondoa kimoja, umemfukuza. Daftari langu la mwaka jana lina michoro 11 ya korongo wawili waliokuwa wakilala kwenye mti nyuma ya boma letu. Katika michoro ya kwanza wana kinda mmoja wa rangi ya hudhurungi. Kisha kinamasi cha bondeni kikachimbwa mtaro, kikapandwa mikaratusi. Mwaka huu nimewachora mara 4 tu, na kinda hayumo.

Haya si mambo ya bonde letu peke yake. Tangu 2012 ndege huyu amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, hasa kwa sababu vinamasi vinakaushwa, na mayai na makinda yanaibwa. Jamani, huyu ni ndege wa heshima! Kwa ndugu zetu Wanandi, yeye ndiye mnyama wa ukoo wa Moi.

Basi, wanachama wenzangu, nina ombi. Kila mmoja wetu achague ndege mmoja wa karibu na kwao, amchore kila juma, na chini ya mchoro aandike tarehe, mahali na idadi aliyoiona. Si lazima uwe fundi wa kuchora. Mistari iliyopinda hukubaliwa. Siku mtu akituambia eti hapa hapakuwa na korongo, tutamfungulia daftari.