Monita Inapolia, Nani Ana Nafasi ya Kuitazama?

Mtoto njiti anaweza kuacha kupumua kwa sekunde kadhaa bila kulia wala kutapatapa. Midomo inapobadilika rangi, oksijeni mwilini imeshashuka kitambo. Kazi ya monita ni kuliona hilo mapema. Shida ni kwamba mwenye kuitazama monita, katika wodi nyingi za umma, ni sista mmoja mwenye watoto zaidi ya kumi wa kulisha, kudunga sindano na kuandikia chati.

Sayansi yake si ngumu. Kibanio cha monita kinachovishwa kidoleni hurusha miale miwili, mmoja mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho. Damu yenye oksijeni hunyonya miale hiyo tofauti na damu isiyo nayo, na kwa kupima mwanga unaopenya kila mshipa unapopiga, mashine hukadiria kiwango cha oksijeni. Ujanja huo uliletwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Kidole kikiwa baridi au kimepakwa rangi ya kucha, makadirio huyumba. Rangi ya ngozi nayo ina lake: utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivi vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Habari hiyo ilipaswa kuzua kelele zaidi huku kwetu Kenya.

Kaunti ya Machakos, kwa mfano, haijawahi kuona haya kununua vifaa. Ugatuzi ulipoanza, gavana wa wakati huo, Alfred Mutua, alinunua ambulensi 70. Mwaka 2015 Serikali ya kitaifa ikaleta mpango wa kukodisha mashine za upasuaji, figo, picha na ICU kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Baadaye Seneti iliuchunguza mpango huo, na hoja zikawa bei, mikataba, na mashine zilizofika mahali pasipo na umeme wa kutosha au wataalamu. Ni hoja nzito. Ila kama mgonjwa kutoka Masinga amefikishwa hospitali ya Machakos Level 5 kwa ambulensi nzuri, kinachofuata kinategemea jambo dogo zaidi: je, mwenye zamu ya usiku anaweza kuitumia mashine iliyo kando ya kitanda?

Chukulia mgonjwa aliyefungwa mkanda wa presha kwenye mkono wa kulia, na kibanio kikavishwa kidole cha mkono huo huo. Kila mkanda unapojaa hewa, damu haifiki kidoleni. Namba ya oksijeni inapotea, taa nyekundu inawaka, mashine inapiga kelele. Sista anaacha dripu aliyokuwa akiitafutia mshipa, anakimbia, anamkuta mgonjwa akipiga soga na jirani yake. Baada ya dakika kumi na tano mkanda unajaa tena. Mara ya nne, kuna mtu atabonyeza kitufe cha kunyamazisha, na sidhani ni haki kumwita mzembe. Tafiti za vyumba vya wagonjwa mahututi ng'ambo zimekuta kwamba kati ya asilimia 72 na 99 ya milio hiyo ni ya uongo au haihitaji hatua yoyote.

Mipaka ya kengele nayo huwekwa kiwandani. Mji wa Machakos uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako oksijeni ya mtu mzima wa afya huwa chini kidogo kuliko ya mtu wa Mombasa. Kwa mtoto njiti anayepewa oksijeni, hatari iko pande zote mbili: ikizidi asilimia 95, macho yanaweza kuharibika. Kama menyu ya kubadilisha mipaka hiyo imefichwa ndani sana, nani ataitafuta saa tisa usiku?

Halafu kuna nyaya. Kibanio ndicho hufa kwanza, tena mara nyingi cha kampuni moja hakiingii kwenye mashine ya nyingine. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliohusu nchi 16 zenye uwezo mdogo ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali havifanyi kazi.

Jijini Nairobi, watafiti wamejaribu vihisio vinavyobandikwa mwilini mwa watoto wachanga katika hospitali za Aga Khan na Pumwani. Lakini kilichonivutia zaidi ni karatasi. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust waliketi na wauguzi wakabuni chati moja ya mtoto mchanga, inayoweka pamoja joto, mapigo, upumuaji, maziwa na maji ya dripu, vitu vilivyokuwa vikiandikwa huku na kule. Haina betri, na aliyeitumia ndiye aliyeichora. Kamati za zabuni zingemwalika sista mmoja kabla ya kutia sahihi mkataba, na bei ya vibanio vya akiba ikaandikwa humo humo, tungeokoa pesa nyingi.

Ukiwa na mgonjwa wodini, futa rangi ya kucha zake na umpashe vidole joto. Mkanda wa presha na kibanio vikiwa mkono mmoja, mwambie sista avitenganishe. Kengele ikilia, muite, usiizime mwenyewe. Na usichomoe waya wa monita ili uchaji simu.