Umati wa Likoni haukujileta

Asubuhi ya Aprili 29, 1994, feri ya kivuko cha Mtongwe, jirani na Likoni, ilipinduka karibu kabisa na ufuo, na watu 272 wakafa, wengi wao wakienda kazini kisiwani Mombasa. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba abiria walijazana kwa haraka zao. Kujaa ilijaa, lakini nani aliyeijaza? Kibarua wa Likoni anayechelewa kufika bandarini hukuta kazi ya siku imeshapewa mwingine, na injini ya feri moja ikifa, wasafiri hawapungui, wanahamia zilizobaki. Asiye na njia ya pili hawezi kuambiwa achague usalama. Umati hutengenezwa na ratiba na gereji kabla haujafika langoni, na hapo langoni ndipo watu wanapotakiwa kuhesabiwa, kwani mtu akishakanyaga sitaha hakuna atakayemshusha.

Septemba 29, 2019, lawama hiyo kwa abiria ilikosa pa kushika. Gari liliteleza kutoka MV Harambee, feri ya mwaka 1990, likazama na mama na bintiye, na ikachukua siku 13 kuwaopoa. Kivuko cha Likoni, kinachobeba takriban watu 300,000 kwa siku, kilisubiri wanamaji na wapiga mbizi wa kukodi kutoka Afrika Kusini. Vifo hivyo vinaonekana. Hasara nyingine haionekani. Mgonjwa anayepelekwa hospitali kuu ya Makadara, hata akiwa ndani ya ambulensi iliyopewa nafasi ya kwanza, hungoja feri iliyoko ng'ambo irudi.

Wapo wanaosema barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka bila feri, imemaliza tatizo. Imewasaidia wenye malori na magari, tena sana. Mtembea kwa miguu wa Likoni, ambaye huvuka bure, atazunguka huko kwa nauli ya matatu kupitia Changamwe ili afike mahali anapopaona kwa macho? Wengine hutaja umaskini wa serikali, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: feri mpya zilinunuliwa baada ya 1994, na si kwa bei ndogo. Ila mwaka 2020, korona ilipofanya msongamano wa Likoni kuwa hatari kwa kila mtu, daraja la kuelea la waenda kwa miguu lilijengwa Liwatoni kwa miezi michache. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu Mtongwe.